Meli isitupangie maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mawakala wa utalii wa Mombasa, na wenzangu wa ufuo wa Casuarina hapa Malindi, juu ya jambo la boflo.

Naam, boflo, mkate huu wa chai. Ingia boti ya kioo yoyote, ile ya sakafu ya kioo, inayokwenda matumbaweni, chungulia chini ya kiti cha nahodha, aghalabu utaikuta. Mimi mwenyewe niliibeba kwa miaka, kwa hivyo sijifanyi mtakatifu. Mgeni akishavaa miwani na kushuka majini, unamega kipande, unakitupa karibu na kichwa chake, na papo hapo wale samaki wa manjano wenye mistari myeusi wanamzonga kama nzi kwenye embe bovu. Mgeni anapiga kelele za furaha ndani ya mpira wa kupumulia. Bakshishi imepatikana.

Boflo hii imeletwa na haraka. Msimu wa kaskazi, meli za kitalii hutia nanga bandari ya Kilindini, Mombasa, na abiria wengine hununua safari ya siku moja ya kuja kuogelea na samaki huku kwetu. Malindi na Mombasa ni kilomita 120 hivi. Basi likitoka saa mbili asubuhi, likapambana na foleni ya Mtwapa, linafika saa tano, na saa saba liwe limeshageuza, kwa kuwa meli haimngoji aliyechelewa. Wakala ameshauza tikiti kwa saa ya meli. Hakuna aliyeuliza maji yatakuwaje saa hiyo.

Na maji hayana siri. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mwendo wa saa nne asubuhi. Kila siku kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50, hata juma moja baadaye, yakiwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, saa nne ile ile utayakuta yamejaa. Mtoto wa mvuvi anajua haya kabla ya kujua kusoma.

Desemba iliyopita tuliletewa watu arubaini siku ya maji mafu. Mvua ilikuwa imenyesha bara, mto Sabaki umeteremsha udongo wake mwekundu, na upepo wa kaskazi umeusukuma mpaka kwetu. Maji yamejaa juu ya fungu la matumbawe, na rangi yake chai ya maziwa. Wageni wakaelea dakika ishirini wakitazama viganja vyao wenyewe. Bwana mmoja akainua miwani akaniuliza kwa upole, samaki wako wapi? Wenzangu wa boti ya pili walishaanza kumega mkate.

Ubaya wake nini? Siku hizi samaki wale wanajua mlio wa injini. Kabla hujafunga kamba kwenye boya wamekwisha kukusanyika. Wasipopewa wanauma. Nimemfunga kitambaa mtoto wa mgeni aliyedonolewa kidole, naye hakuwa na mkate wowote mkononi. Nimewaona tafi pia, ambao kazi yao ni kula majani yanayotaka kulifunika tumbawe, wakiacha malisho yao kuja kugombea boflo.

Siku za bamvua balaa ni nyingine. Basi likifika maji yamekauka, mgeni asiyejua kuogelea anatafuta pa kusimama, na pa kusimama ni juu ya tumbawe. Nilikuwa nimemshika mkono mama mmoja mzee alipoukanyaga mwamba kwa yale mapezi ya miguuni. Ulivunjika kipande cha ukubwa wa sahani. Hakujua, nami sikumwambia, maana alikuwa anacheka. Tumbawe gumu la namna ile hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Mnamo 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, tuliyaona yakigeuka meupe kama chokaa, mengi yakafa. Yaliyobaki ndiyo haya tunayoyakanyaga.

Wazee wetu walinyimwa kuvua pale tangu 1968, hifadhi yetu ya bahari hapa Malindi na ile ya Watamu zilipotangazwa. Mvuvi akitoa samaki changu mmoja mle ndani anashtakiwa. Sasa nitamtazamaje mvuvi huyo usoni, mimi ninayeshusha watu arubaini juu ya mwamba ule ule kwa sababu meli ina haraka?

Najua mtaniambia habari ya pesa. Nami nina watoto wanaosoma. Lakini siku za maji yasiyofaa basi hilo lina pa kwenda: magofu ya Gede yako njiani, na mikoko ya Mida haiko mbali nayo. Siku za maji mazuri ndizo tuuze bahari. Mwaka juzi nilimchukua Mwitaliano na bintiye, maji ndiyo kwanza yanaanza kujaa, meupe, bila mkate. Tukakaa juu ya jabali moja tu. Chini yake palikuwa na pweza. Akawa kijivu kama jiwe, mara mwekundu, mara ana vipele kama mwani, kisha akajivuta shimoni akabakisha jicho. Yule binti hakutaka kupanda botini. Mwaka huu wamerudi wakaniulizia ufuoni.

Wenzangu, boflo tuziache nyumbani zinywewe chai. Na nyinyi mawakala, kabla ya kuandika saa kwenye tikiti, pigeni simu. Jedwali la maji la mwaka mzima ninalo, limejaa mafuta ya injini lakini linasomeka. Nitawasomea bure.

Nahodha wa boti ya kioo,
Casuarina, Malindi