Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Leseni Zetu na Mpaka wa Namanga

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina, na suala la pango la ofisi limekwisha, sitalirudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: leseni ya fundi umeme na mpaka.

Hapa Arusha hali tunaijua. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wetu wa nishati, daraja D, akiitwa kufanya wayaringi ng'ambo ya Namanga, upande wa Kenya, leseni ile haimsaidii. Kule inatakiwa ya EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, yenye madaraja yake: C2 kwa fezi moja, C1 kwa fezi tatu, na mengine juu yake. Mkenya akija kwetu, ni yaleyale. Matokeo yake mnayaona: kazi anafanya huyu, muhuri unaazimwa kwa yule mwenye leseni, ambaye hata kipimo cha ethi (waya wa ardhini) hakukishuhudia. Nyumba ikiungua, aliyesaini hajawahi kuikanyaga.

Wala si kwamba umeme ni tofauti. Pande zote ni hezi 50, na plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Namanga yetu imepata umeme kutoka Kenya kwa miaka, kama Kagera kutoka Uganda na Rukwa kutoka Zambia. Tangu mwishoni mwa 2024 pia umeme unapita kwenye njia ya kilovoti 400 kati ya Singida na Isinya. Ni fundi wa soketi tu anayebaki getini.

Wapo wanaouliza mbona wahandisi waliweza kutambuana kuvuka mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kielimu na kitaaluma. Wahasibu na wasanifu majengo wakasaini makubaliano yao 2011, wahandisi 2012. Kamati yetu ililitazama hili kwa makini, na mimi naona sababu ni moja. Mhandisi anasajiliwa na bodi ya wahandisi, na nchi jirani nayo ina bodi ya namna hiyo, kwa hiyo bodi ilikaa na bodi wakamalizana. Sisi hatuna bodi. Cheti tunakipata VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, leseni tunaipata kwa mdhibiti wa nishati, ambaye ana mafuta, gesi na bei za umeme mezani kwake. Kwa hiyo hata mtu akitaka kusaini kwa niaba yetu, hajulikani ni nani.

Na msidhani ni habari ya mataifa mawili tu. Mamlaka ya EWURA yanaishia Tanzania Bara. Zanzibar wana mdhibiti wao, ZURA, na shirika lao la umeme, ZECO, ndani ya Jamhuri hiihii. Kuanzia huko kungekuwa rahisi zaidi, nami nashangaa kwamba hatujawahi kuandika barua.

Mkutano wa robo ya tatu ulikuwa moto. Baadhi yenu mlisema tukifungua mlango Wakenya watatumaliza, hasa baada ya amri ya serikali yetu ya Julai 2025 kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, ikiwamo kutengeneza simu na vifaa vya elektroniki. Ufungaji wa umeme haukutajwa humo. Hofu naielewa, ila naikataa. Fundi anayevuka na muhuri wa kuazima yupo tayari, na huyo ndiye anayeshusha bei, kwa sababu halipii leseni wala hawajibiki kwa lolote.

Pendekezo la kamati ni dogo kwa makusudi. Hatuombi leseni moja ya Afrika Mashariki. Tunaomba daraja D letu na C2 la Kenya yalinganishwe kwanza, fezi moja peke yake, kisha fundi afanye mtihani mfupi wa kanuni za nchi anakokwenda na asaini kazi kwa jina lake. Kanuni za wayaringi za pande zote mbili zina asili ya Uingereza, hivyo mtihani huo hautakuwa mgumu. Msongo wa kati na mkubwa usubiri.

Tukikubaliana leo, katibu atahitaji nakala ya leseni ya kila mmoja wenu na orodha ya kazi alizosaini mwenyewe. Waliojifunzia kazini wasio na cheti waende VETA wakapimwe kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi kabla ya dirisha la usajili kufungwa, maana bila cheti hatuna cha kulinganisha. Fomu ziko kwa katibu.