Kaka, hili ndilo jibu langu la siku ya arobaini

Shikamoo, Kaka.

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma hujibu. Basi naandika hapa mbele za watu, maana hata wewe ulilisema lako mbele za watu.

Siku ya arobaini ya Baba, wazee wamekaa barazani, sinia za pilau hazijaondolewa, ukasema, ukinikusudia mimi: "Mkono wa Baba umekufa miaka yote ile, na bingwa wa umeme wa mwili tunaye humu humu ndani. Kazi yake kupika plastiki kwa Wazungu." Mjomba akainamisha uso. Hakuna aliyekukataza. Mimi nilikuwa na birika mkononi, nikaendelea kuwanawisha wageni. Ningekujibu pale ningeivunja khitma ya Baba.

Na plastiki hiyo unaijua! Ndimu ulikamua wewe. Kile kipande cha kijani nilichokuja nacho likizo, polianilini, tulikichovya kwenye maji ya magadi kikawa buluu, ukakikamulia ndimu kikarudi kijani, Baba akataka tuirudie tena na tena. Nikakueleza kwamba kikiwa kijani kinapitisha umeme, kikiwa buluu hakipitishi. Uliniuliza maswali mpaka Mama akatufukuza tukalale. Ndiyo maana maneno yako yaliniuma: hukuyasema kwa kutojua.

Wanaosoma hapa niwaeleze kidogo. Plastiki ya kawaida huzuia umeme, ndiyo huvishwa nyaya. Lakini mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba utando wa poliasetilini ukipigwa na mvuke wa iodini, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka mara mamilioni. Utando wenyewe ulipatikana Tokyo, kwenye maabara aliyofanyia kazi Shirakawa, baada ya mtu kutia kichocheo mara elfu zaidi ya kipimo. Tuzo ya Nobel ya kemia waliipata mwaka 2000. Hesabu miaka hiyo, Kaka, wewe uliyetaka mimi niwe nimemaliza kabla Baba hajafa.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walikuza seli za panya zenye tabia ya neva juu ya polipiroli, polima nyingine (yaani plastiki ya aina hiyo hiyo, yenye molekuli ndefu kama mnyororo). Zilizopitishiwa umeme zilichipua nyuzi ndefu karibu mara mbili ya zisizopitishiwa. Makala hiyo niliisoma nikiwa bado Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaacha habari za betri siku hiyo hiyo.

Kazi yangu ni nyaya za kusikiliza neva. Waya wa chuma ndani ya ubongo ni kama msumari ndani ya papai bivu. Mwili huuzungushia kovu, na mawimbi ya neva yakawa hayasikiki tena. Sisi maabarani tunauvika PEDOT, polima ya buluu iliyokolea, laini kuliko chuma, inayopitisha umeme na pia ayoni za chumvi, yaani chembe zenye chaji, ambazo ndizo neva huzitumia. Tabu yake hubanduka. Tunauweka kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, miezi inapita unaonekana mzima, asubuhi moja unakuta polima imeng'oka. Kwa mgonjwa unatakiwa ukae miaka. Kwa hiyo Baba aliponiuliza kama kitu changu kitamwamshia mkono, nilimwambia bado. Wewe ulikuwapo, unamlisha uji. Alisema, "Haya, endelea." Hakusema zaidi ya hapo. Ungependa nimwambie nini? Mgonjwa wa kiharusi hapewi ahadi ya uongo, na mwanawe ndiye wa mwisho kumpa.

Uliyomtendea Baba nayajua. Kumgeuza usiku, kumwogesha, kumbeba mpaka kwenye mazoezi ya viungo. Fedha yoyote niliyotuma haifiki hata nusu ya hapo, na kila anayeuliza huku namwambia nina kaka wa aina gani. Lakini uuguzi wako usiufanye fimbo ya kunichapia.

Sasa la binti yako. Nasikia amefaulu PCB (fizikia, kemia na baiolojia) vizuri, na umemkataza kemia kwa sababu "ameshaona shangazi yake alivyoishia". Mwache asome. Ana mikono mitulivu na anauliza, na hayo hayafundishwi. Si lazima aje Ulaya. Mimi nilikuja kwa sababu vifaa vya kazi hii vilikuwa huku, sikumkimbia mtu. Kila likizo nilirudi nyumbani. Baba ndiye aliyeuza shamba la chini nipate nauli, na wewe ulitia saini ukiwa shahidi, hakuna aliyekushikia kalamu. Leo unaniuliza nilikwenda kufanya nini?

Dirisha la udahili likifungwa atapoteza mwaka mzima. Ada ya mwaka wa kwanza nalipa mimi, na ya mwaka wa pili pia. Wewe usipotaka kuongea nami, mpe simu yeye.