Shukrani kwa muuguzi aliyemvua mwanetu fulana

Dada muuguzi, jina lako sikulipata, lakini shukrani hizi ni zako.

Mwanetu alikuwa bado mchanga. Kila akiamka alijikunja ghafla, kichwa kikiinama na mikono ikirushwa mbele, tena na tena. Tulishaambiwa ni msokoto wa tumbo. Wewe ulimvua fulana, ukamgeuza taratibu, ukaona mgongoni mabaka meupe yenye umbo la jani, ambayo sisi tuliyachukulia kuwa alama za kuzaliwa tu. Ukazima taa za chumba, ukammulika kwa miale ya urujuanimno, na mengine yakajitokeza. Hapo hapo ukamwita daktari.

Ulikuwa ugonjwa wa tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa jeni unaootesha vivimbe kwenye ubongo, ngozi, moyo, figo na viungo vingine. Ulitueleza kwamba ngozi na ubongo huanzia kwenye tabaka moja la kiinitete, yaani mtoto anapoanza tu kuumbika tumboni, ndiyo maana hitilafu katika jeni ya TSC1 au TSC2 huonekana kote kuwili. Kisha ukamgeukia mke wangu: "Mama, mara nyingi hitilafu hii huzuka upya kwa mtoto, wazazi hawana. Hukukosea kitu." Alilia sana. Maneno ya watu yalikuwa yameshamchosha, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Mwanetu alianzishiwa mapema vigabatrini, dawa ya kuzuia degedege, na kule kujikunja, ambako kumbe kulikuwa degedege, kumetulia. Moyo, figo na ubongo bado vinafuatiliwa, na kujifunza kwake kunakwenda polepole. Lakini anacheka, na sasa anaita "baba".

Mungu akuzidishie, dada. Tunakuombea kila siku.