Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Kivinje na Swali Uliloniuliza

Kilwa Kivinje

Mwanangu mpendwa,

Assalaamu alaykum. Huku hatujambo, isipokuwa mama yako anasumbuliwa kidogo na magoti tangu mvua zianze, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Ujumbe wako niliusoma Ijumaa baada ya swala, na usiku nikaufungua tena. Unasema mwenzako alikuuliza mbele ya darasa kama watu wa Kivinje ni wajukuu wa waliouza watumwa au wa waliouzwa, nawe ukakosa la kusema. Nimeona nikuandikie barua, kwa kuwa jibu lenyewe haliwezi kusemwa kwenye simu huku mtu anapanda daladala, na kwa kuwa mimi nami nililipata nikiwa mtu mzima.

Nianze na bahari, maana ndiyo iliyotuleta wote hapa. Ulipokuwa mdogo ulinililia siku moja ya bamvua ukisema bahari imeibiwa, kwa jinsi maji yalivyokupwa hata mashua zikalala ubavu kwenye tope na watu wakazifuata kwa miguu. Bandari yetu ndivyo ilivyo: kina chake ni kidogo, na fukwe ni tope na mikoko. Jahazi halikuona shida katika hilo. Liliingia maji yakijaa, likakaa juu ya tope yakikupwa, mahamali wakapakua na kupakia, na maji yaliporudi likaondoka. Misafara nayo, iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, ilifika Kivinje bila kuhitaji kuvushwa kwenda kisiwani. Kwa hiyo, tangu mwisho wa karne ya 18, biashara ya Kilwa ikahamia huku bara, penye mivinje ambayo tunaambiwa ndiyo iliyoupa mji jina, na Kilwa Kisiwani ikabaki na magofu yake yenye sifa, ambayo watalii huyafuata mpaka leo wakitupita sisi njiani.

Misafara hiyo ilileta pembe za ndovu na sandarusi, na ilileta watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 watu waliopitishwa katika forodha ya Kilwa walikaribia 20,000 kwa mwaka, wengi wao wakipelekwa Unguja. Nyumba za mawe ya matumbawe ambazo ulizichezea kujificha, zile ambazo sasa mitini imeotea kwenye kuta zake, zilijengwa kwa fedha hizo. Milango yake ya nakshi imekwisha kwenda, mmoja mmoja, na wa jirani yetu uliuzwa kwa bei ya mabati machache. Lakini hilo ni huzuni yangu nyingine, nisikuchoshe nayo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara yao ya nchi kavu. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba marufuku hizo hazikumrudisha kwao mtu aliyekwisha kufika pwani. Wengi walibaki hapahapa, wakalima mashamba, wakatwanga na kupika katika nyumba za mjini, wakazaa. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, wakati Wajerumani walikuwa wamekuja na kuondoka.

Habari za Wajerumani umezisoma shuleni, nami sitazirudia zote. Mwezi wa Septemba 1888 watu wa mji huu waliwaua maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa hapa pamoja na wenzake kwenye mti tunaouita Mwembe Kinyonga. Na Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, katika wilaya hii hii, waling'oa pamba ya kulazimishwa, Maji Maji ikaanza. Hospitali uliyozaliwa inaitwa Kinyonga, na sijui kama umewahi kujiuliza kwa nini akina mama wanajifungulia mahali penye jina hilo. Ninachotaka ukizingatie ni kwamba Makunganya, tunayemheshimu kwa kukataa utawala wa mgeni, alikuwa mtu wa misafara kama matajiri wengine wa pwani wa wakati wake. Hapa Kivinje ukitafuta babu aliye safi pande zote, utatafuta mpaka uchoke.

Baada ya hapo mji ulishuka taratibu. Meli kubwa hazikai juu ya tope, zinataka kina, na kina kipo Masoko, chini ya kilomita 30 kutoka hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ofisi za wilaya zikahamia huko, na Boma letu, jengo la serikali la zamani, likabaki ufukweni likiitazama bahari isiyoleta kitu isipokuwa dagaa. Siwadharau dagaa, ndio waliokulipia ada.

Sasa nije kwenye swali lako. Bibi yangu mzaa baba aliniambia mwaka aliofariki, nami wakati huo nilikuwa tayari nina watoto wawili. Mama yake aliletwa kutoka Uyao, nchi ya Wayao huko bara, kabla hajavunja ungo. Alianza safari ile akiwa na mama yake na akafika pwani peke yake. Alinunuliwa na tajiri mmoja wa hapa, akalimishwa shamba upande wa Singino, kisha akafanywa suria, akamzaa bibi. Kwa sheria yetu mtoto wa suria na bwana wake huzaliwa huru, kwa hiyo bibi alikuwa muungwana na mama yake mtumwa, katika nyumba moja, wakila sahani moja. Aliyenunua na aliyenunuliwa wote wawili ni wazee wetu, mwanangu, na damu yao haitenganishiki ndani ya mwili wako wala wangu.

Sisi si peke yetu. Nyumba nyingi za hapa zina habari kama hiyo, na kila nyumba huinyamazia. Barazani utasikia nasaba zikihesabiwa upande wa baba mpaka Shihiri ya Yemen na Omani, na upande wa mama zikiishia kwa bibi mmoja asiye na kwao. Kwenye posa tu ndipo mtu husikika akinong'ona kwamba asili ya fulani haijulikani. Nami niliwahi kunong'ona hivyo, nikiwa kijana, kumhusu binti ambaye ndugu yangu alitaka kumwoa, na posa ile ikavunjika. Nilikuwa sijaambiwa habari za kwetu. Yule binti sasa ni bibi kizee, tunasalimiana kila siku sokoni, na kila siku nataka kumwambia neno nisiliweze.

Jina alilokuwa akiitwa mama yake bibi katika nyumba ile lilikuwa la kupewa. La kwao alimtajia bibi peke yake, na bibi akanitajia mimi mara moja. Silitii kwenye karatasi hii. Kaburi lake liko nje ya ukuta wa makaburi ya familia ya tajiri, hatua chache upande wa bahari, na njia ya kulifikia hupitika maji yakiwa yamekupwa tu. Nimekwisha kuwaambia kaka zako wanilaze huko.

Njoo Idi. Mwezi utakuwa mwandamo, kwa hiyo itakuwa bamvua, na maji yatakuwa yametoka vizuri kabla ya adhuhuri. Tukitoka kuswali tutakwenda mimi na wewe, nami nitakutajia jina lake hapo.

Wasalaam,
Baba yako