Kifusi cha Mji wa Kale si takataka

Mhariri,

Nimesoma gazeti hili zaidi ya miaka ishirini bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu mashimo ya majaribio yaliyochimbwa na wakazi hapa Mombasa kutafuta mabaki ya kale imenishinda kuinyamazia. Mlisema kazi ile ilikuwa bure kwa kuwa ardhi imeshavurugwa na ujenzi. Nani kawaambia?

Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba kwenye uwanja wa hospitali kuu ya Pwani, akayafikia mabaki ya Mombasa ya zamani. Msingi wa nyumba haufiki kila mahali. Kati ya ukuta na ukuta hubaki tabaka ambazo sururu haijazigusa. Hata udongo uliochanganyika una hesabu yake. Huko Uingereza, mwanaakiolojia Carenza Lewis na wanavijiji walichimba mashimo zaidi ya 2,000, ya mita moja kwa moja, kwenye bustani za watu. Kwa kuhesabu vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, shimo baada ya shimo, waliona makazi yalivyopungua baada ya tauni ya karne ya 14.

Mwaka juzi jirani yangu alichimbiwa shimo la choo. Chini ya saruji na plastiki palikuwa na kifusi cha matumbawe, na chini yake udongo mweusi wenye makombe, mifupa ya samaki na vigae vya kijani vinavyong'aa. Nilimsihi mkandarasi asubiri nusu siku. Nikakimbilia ofisi inayohusika, nikaambiwa nilete barua. Nikaleta barua, nikaambiwa mwenye dhamana yuko semina. Kurudi alasiri, lori limeshaondoka, shimo linajengewa kuta, na mtoto wa jirani amenihifadhia vigae vitatu kwenye kopo la maziwa kwa kuwa aliniona nikihangaika. Vigae vitatu, Mhariri, katika lori zima!

Na lori hilo lilikwenda wapi? Kifusi chetu huuzwa kujazia viwanja vipya, kesho mtafiti akute vigae vya Mvita mahali pasipowahi kukaliwa.

Kibali cha ujenzi Mji wa Kale kisitolewe kabla ya kuchimbwa shimo moja la mita kwa mita. Wachimbe wanafunzi, mtaalamu akiwasimamia, sentimita kumi kumi, udongo wote upitishwe kwenye chekeche, na kipande cha saruji kiandikwe sawa na kigae. Siku mbili zinatosha. Vigae vyangu vitatu bado ninavyo, nitavileta siku ya kwanza.

Mkazi wa Mji wa Kale,
Mombasa