Kabla hamjaleta mashua za barafu Jumamosi
Jamani habarini, kabla ya Jumamosi naomba kila mtu acheki visu vyake kwanza, yaani vile vyuma vya chini ambavyo mashua inatelezea kwenye barafu, maana mara ya mwisho nusu ya mashua zilikuwa zinajikokota utadhani zimefunga breki na watu wanalaumu tanga. Tanga halina kosa! Visu viwili vya pembeni lazima viwe sambamba kabisa, pima umbali kati yao mbele na nyuma, vipimo vikipishana hata milimita 1 au 2 spidi imekwisha. Na upime mtu akiwa amekaa ndani, kwa sababu ule ubao wa kukatiza unaoshika visu vya pembeni unapinda ukibeba uzito na vipimo vinabadilika, mimi hii ilinichukua msimu mzima kuielewa, nikawa nanoa tu visu kama mchinjaji 😅

Wanaoanza kujenga fuateni ramani ya DN, aina ya mashua ndogo ya barafu ya mtu mmoja, ile iliyochorwa Detroit 1937, bodi karibu mita 3.7, tanga mita za mraba 5.6 hivi. Plaiwudi na epoksi, basi. Mlingoti msibuni wa kwenu bana.

Barafu tutatoboa tupime, chini ya sentimita 12 hatutelezi. Helmeti lazima, na zile pini za kuchoma barafu ujivute utoke ukitumbukia majini, zivae shingoni sio kwenye begi. Nani ana drili?