Nilisikia kwa Nyayo

Mwanangu Akinyi,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Nilifika salama, sanduku likafika siku ya pili, na mama yako anashukuru kwa shali. Mvua imeanza na Kibuye ni matope matupu. Hayo yanatosha, maana kilichonikalisha na kalamu usiku huu ni ule ukumbi wa muziki ulionipeleka huko Vienna.

Pale uwanja wa ndege ulinitazama ukingoja neno, nami nikaongea habari za baridi. Kifua kilikuwa kimejaa, nyara, binti yangu.

Uliponunua tiketi za kusimama niliona umeingiwa na haya, kwamba baba ametoka mbali kiasi hicho halafu asimamishwe nyuma. Ondoa hilo moyoni. Viti zaidi ya 1,700 na nafasi 300 za kusimama, na kwa seremala hapakuwa na mahali pazuri kuliko pale tuliposimama, miguu juu ya mbao tupu.

Uliniambia ukumbi huo, Musikverein, ulifunguliwa mwaka 1870, na kwamba msanifu majengo Theophil Hansen aliuchora miaka kama 30 kabla ya mwanafizikia Wallace Sabine wa Marekani kuonyesha jinsi ya kupiga hesabu ya mwangwi. Nilipotazama zile sanamu za dhahabu ukutani nilikuwa bado sijashtuka. Nilishtuka uliponinong'oneza kwamba chini ya sakafu kuna uwazi, na kwamba dari imening'inizwa kutoka juu. Hapo nikamwona babu yako.

Wewe hukumkuta akiwa na nguvu. Kuchonga nyatiti, kinubi chetu Wajaluo, kulimchukua siku nyingi. Alikuwa akikomba kipande cha mti mpaka kikawa bakuli, anakigonga kwa ukucha, anasikiliza, anakomba tena kidogo. Mimi nikiwa mtoto nilidhani amemaliza tangu juzi. Ndipo alipowamba ngozi ya ng'ombe na kufunga nyuzi 8. Uwazi ule ndani ya mti ndio aliouhangaikia kuliko kitu chochote, na watu wa Vienna wameuweka chini ya miguu ya watu 2,000. Tuliingia ndani ya chombo, tukasimama humo wakati kinapigwa.

Yule wa obo, ile kama zumari, alipotoa sauti moja na wengine wote wakaifuata kulinganisha ala zao, nilitafuta spika kila pembe. Hapana hata moja. Mtu akikohoa kule mbele tunamsikia. Sehemu ya kwanza ya simfoni ya Beethoven ilipokwisha mikono yangu ilikuwa tayari juu kupiga makofi, ukanishika kiganja. Watu wote kimya. Mwanzoni niliona ni ukali usio na maana. Sisi mtu akipiga vizuri tunamwambia papo hapo, tena tunamtunza. Lakini ule ukimya ulikuwa na uzito wake, na kufikia sehemu ya tatu nilikuwa naungoja.

Kisha ile ya nne. Unakumbuka zile fidla kubwa za selo na besi zilizo kubwa zaidi zilivyoanza wimbo peke yao, chini kabisa, kama mtu anayejiimbia akirudi kutoka shambani? Kabla sijaupata vizuri masikioni, nilikuwa nimeusikia kwenye nyayo. Ulipanda kutoka kwenye mbao ukaja magotini. Kwaya ilipoinuka baadaye nililia, na ulijifanya huoni. Asante.

Njiani ulinieleza kwamba simfoni hiyo, ya 9, ilipopigwa mara ya kwanza mwaka 1824, katika jumba jingine la mji huohuo, Beethoven alikuwa kiziwi, ikabidi mwimbaji mmoja amgeuze ili aone watu wanavyoshangilia. Nilinyamaza kwa sababu hii: babu yako naye masikio yalimfia miaka ya mwisho. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anainama mpaka taya inagusa mti wa nyatiti, kisha anapiga. Sisi watoto wake tulidhani ni uzee. Hakuna aliyemuuliza. Miaka yote hii nimeishi bila kujua alikuwa anafanya nini, nimekuja kujua huko kwenu, kwa miguu yangu mwenyewe.

Sasa sikia. Kanisani kwetu kamati ilitaka kununua spika kubwa zaidi, maana mvua ikinyesha juu ya mabati kwaya haisikiki. Nimesimama mbele yao nikawaomba wanipe kwanza jukwaa la kwaya, nilijenge upya kwa mbao, na uwazi chini, na dari ya mbao juu ya waimbaji pekee. Walibishana sana. Dari wamekataa, fedha hakuna. Jukwaa wamenikubalia, kazi ya mikono naitoa bure.

Kwa hiyo nina ombi. Ukirudi pale, mtafute fundi yeyote wa jumba, umuulize kwa heshima: uwazi ule una kina gani, mbao za sakafu ni nene kiasi gani, na zimeshikwa kwa misumari au kwa njia nyingine. Niandikie hata kama jibu ni la nusu. Mbao zimeshafika, nimezipanga kivulini na vijiti katikati ili zikauke. Sitakata hata moja kabla hujanijibu.

Ni mimi baba yako.